Alama za Daftari la Arobaini na Nne

Asubuhi ile Mwalimu Loisi alipowaingiza wanafunzi arobaini na watatu katika soko la Majengo, Dodoma, kila mmoja na daftari mkononi na mdomo umefungwa, nusu saa haikupita kabla biashara haijaanza kuyumba. Sheria aliyowapa ilikuwa fupi: angalia, nusa, sikiliza, gusa, kisha andika, na yeyote atakayefungua mdomo kuongea arudi kwenye basi. Watoto wa kidato cha tano wakaitii kama amri ya jeshi. Wakasimama mbele ya meza za watu, wakakazia macho vidole vya miguu vya wauzaji, wakaandika.

Sasa wewe jiweke mahali pa muuza dagaa. Wiki ile sokoni kulikuwa na uvumi kwamba meza zitahesabiwa na baadhi ya wafanyabiashara watahamishwa. Ghafla anatokea binti wa sweta la bluu, anasimama mbele yako dakika tano, hanunui, hasemi, anaandika. Mama Yudith, ambaye dagaa wake wa Kigoma walijulikana hadi Chang'ombe, alifunika sinia lake kwa turubai akamwambia jirani yake kwamba mambo yameanza, na safari hii wamewatuma watoto. Neno likatembea. Kufikia saa nne na nusu safu nzima ya nafaka ilikuwa imefunikwa.

Jirani huyo wa Mama Yudith alikuwa Noeli, muuza asali aliyoirina mwenyewe. Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mrefu wa kuinama mlangoni, shati la mikono mirefu lililokunjwa hadi viwikoni kwa sababu asali haina adabu, hupanda hata mahali isipoalikwa. Alimuuliza binti aliyesimama mbele ya chupa zake anaandika nini. Binti, jina lake Shamila, aliweka kidole mdomoni na kuendelea kuandika. Noeli akaona basi, huu ni uonevu wa wazi, akaenda kumtafuta mkubwa wao.

Alimkuta karibu na fungu la nyanya, mwanamke mwenye gauni la kitenge cha njano na bluu, nywele kazisuka mistari ya nyuma, raba zake nyeupe zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi. Alikuwa ananusa bizari huku amefumba macho.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Nikaribie wapi tena, na hapa ndipo kwangu? Wewe ndiye wa kukaribishwa. Kama mnatuhesabu, tuhesabuni kwa kutuuliza. Sisi si mbuzi."

Loisi alitazama huku na huku, akaona meza zilizofunikwa, akaona sura ya Mama Yudith, ndipo akili ikamjia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akaeleza kwamba yeye ni mwalimu wa Kiswahili kutoka sekondari moja ya upande wa Ihumwa, kwamba somo ni uandishi wa kubuni, na kwamba watoto hawahesabu chochote, wanajifunza kueleza vitu kwa milango mitano ya fahamu. Alizunguka meza moja baada ya nyingine kuomba radhi, na Mama Yudith akafunua dagaa wake, lakini nusu tu, kwa tahadhari.

Noeli aliomba kuona alichoandikiwa. Shamila akaruhusiwa kufungua mdomo, akasoma: asali ni tamu, asali inang'aa, muuzaji ni mrefu.

"Mwalimu," Noeli akasema, "kama asali ni tamu tu, basi watu wakanunue sukari."

Loisi alimgeukia. Kwa miaka mitatu alikuwa akipigania jambo hilo hilo kwa maneno mengi zaidi, kwa chaki na kwa wino mwekundu, na hapa mtu mwenye vidole vinavyonata amelimaliza kwa sentensi moja. Noeli akachovya kijiti, akadondosha tone kwenye kiganja cha Shamila, akamwambia aonje, asimeze haraka, kisha aseme utamu unaanzia wapi, mbele ya ulimi au nyuma. Binti alifumba macho. Akasema unaanzia nyuma. Akasema unawasha kidogo kooni, halafu kuna kitu kama moshi wa mbali.

"Sasa umeonja," Noeli akasema.

Hapo ndipo Loisi alipompenda, na mimi sitazunguka mbuyu kulisema. Aliomba namba yake ya simu akidai ni kwa ajili ya masomo. Walimu wenzake walipolisikia hilo baadaye, hakuna aliyemwamini.

Simu ya kwanza ilikuwa ya masomo kweli, dakika nne. Ya pili ilianza na masomo ikaishia kwenye mlenda, ile mboga ya kuteleza, kama unafaa kuliwa na mtu asiye Mgogo. Loisi, Mgogo wa Mvumi, alishikilia kwamba anayeukataa mlenda hajalelewa. Noeli, Msandawe wa Farkwa, huko Chemba, alisema kwao walilelewa kwa asali na nyama, waliokosa ndio wakagundua mlenda. Kufikia mwezi wa tisa walikuwa wakipigiana kila jioni Loisi akishamaliza kusahihisha. Jumamosi Noeli alimwachia Mama Yudith meza, wakaenda mnadani Msalato kula nyama ya mbuzi, Loisi kajitanda khanga begani kwa ajili ya upepo, Noeli kavaa shati la pasi na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe.

Siku moja Noeli alijisahau akamwita mpenzi wangu mzuri. Loisi akanyoosha kidole.

"Darasani kwangu neno hilo limepigwa marufuku. Mzuri, mbaya, pendeza, furahi, penda, yote nimeyafungia. Mtoto akiandika 'alikuwa mzuri', namkata alama. Aonyeshe alichokiona, mimi msomaji niamue mwenyewe."

"Kwa hiyo nikuite nani?"

"Watu wengine wangesema asali wangu."

"Muuza asali hawezi kumwita mtu asali. Ni sawa na Mama Yudith amwite mumewe dagaa."

Walicheka mpaka mchoma nyama akauliza kama kuna tatizo.

Palikuwa na jambo moja tu Noeli alilolificha. Mama yake alipopiga simu, alisimama, akaenda mbali, nyuma ya magari, akarudi akiwa amemaliza. Loisi hakumsukuma. Siku moja yeye mwenyewe akaeleza. Alipotoka Farkwa kwenda sekondari ya bweni, Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, na akichanganyikiwa alitumbukiza maneno ya nyumbani. Lugha yao ina vidoko, ulimi hugonga juu ya kinywa, hudonoa kwenye meno. Wavulana wa bweni wakaanza kumwita kwa kugonga ndimi, jinsi watu wanavyoita kuku. Miaka minne aliitwa hivyo. Tangu hapo aliifungia lugha yake ndani, na mjini hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akiisema.

Jumamosi iliyofuata mama alipiga, na Noeli hakuinuka. Aliibana simu kati ya bega na sikio, mikono yake ikiwa na mafuta ya mbuzi, akaongea pale pale, mbele ya Loisi. Loisi alisahau kutafuna. Watu wa meza ya pili waligeuka. Noeli aliwaona, akaendelea. Alipomaliza alisema amemwambia mama kwamba shule zikifungwa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, atampelekea mgeni.

"Mgeni gani?" Loisi akauliza, kwa sababu alitaka kusikia.

"Mgeni ambaye mama ameshamtengea kuku."

Yaliyoharibu safari hiyo yalitokea mwezi wa kumi na moja, na yalitokana na kazi, si uovu.

Darasa lilikuwa limefika kwenye kumweleza mtu. Wanafunzi waliandika kama wanaombea mtu kazi: ni mrefu, mpole, mcheshi, ana tabia njema. Loisi alichoka. Siku ya Jumanne akachukua chaki akawaandikia mfano mwenyewe ubaoni, bila kutaja jina, na bila hata neno moja kati ya yale aliyoyafungia. Aliandika:

"Shati lake limekunjwa mikono mara tatu. Kwapani limeshonwa kwa uzi usiofanana na kitambaa. Kidole gumba cha kulia hakina kucha. Hutembea ameinamisha kichwa, kana kwamba kila mlango ni mfupi. Akiongea na mama yake kwa simu, ulimi wake hugonga na kudonoa, maneno hulipuka kama karanga kwenye kikaango. Watu hugeuka."

Kwake yeye hapakuwa na barua ya mapenzi nzito kuliko hiyo. Kila sentensi ilikuwa Jumamosi nzima ya kumtazama mtu. Alirudi nyuma hatua mbili akaisoma, akaridhika nayo kupita kiasi, na hapo makamu mkuu wa shule akamwita ofisini. Aliwaambia wanafunzi wanakili.

Ndani ya dakika hizo Noeli alikuwa amefika getini na chupa kubwa ya asali kifuani. Loisi alikuwa amemlalamikia kwenye simu kwamba darasa lake bado halijui utamu zaidi ya neno tamu, naye akaamua kuwaletea. Mzee Matonya, mlinzi, alimwonyesha darasa kwa fimbo. Noeli akakatiza uwanja, akafika dirishani, akatazama ndani kumtafuta Loisi. Hakumwona. Aliona ubao.

Alisoma mpaka mwisho. Alikuwa bado kwenye "watu hugeuka" kijana mmoja wa dawati la mbele, Gideoni, alipoinuka akajaribu kugonga ulimi kama ilivyoandikwa ubaoni. Darasa zima likaangua kicheko. Gideoni akajaribu tena, kicheko kikazidi.

Noeli alirudi getini. Akamkabidhi Mzee Matonya chupa, akamwambia ampe mwalimu. Kwenye kifuniko kulikuwa na karatasi aliyoiandika tangu asubuhi: "Ya darasa. Wasimeze haraka."

Jioni Loisi alipiga simu na sauti yake imejaa shukrani. Akamuuliza imekuwaje afike shuleni asimwite.

"Nilifika," Noeli akasema. "Nikakuta nimeshatangulia. Niko ubaoni."

"Ulisoma?"

"Nilisoma, na nikawasikia. Loisi, maisha yangu yote mjini nimemfungulia mtu mmoja tu mlango ule, na wewe umepitisha darasa zima."

"Noeli, sikuandika kwa ubaya. Na wale watoto hawawezi kuwa walikucheka wewe."

"Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo." Sauti yake haikupanda. "Umeshaniandika, kazi imekwisha. Nitamwambia mama Jumamosi ile haipo."

Akakata. Loisi alipiga mara sita, simu ikaita bila kupokewa. Alituma ujumbe mrefu, kisha mfupi, kisha neno moja la samahani. Hakujibiwa.

Siku mbili za kwanza alikasirika, niseme ukweli. Alijiambia mtu mzima gani anaudhika kwa kuelezwa shati. Alijiambia ameandika kazi safi, haina tusi, haina uongo. Siku ya tatu alimpa Devota, mwalimu wa baiolojia aliyekuwa rafiki yake, daftari alilonakilia mfano ule, amwambie kosa liko wapi. Devota alisoma akiwa anakunywa chai, akasoma tena.

"Aliyeandika hapa anampenda huyu mtu?"

"Devota, si inaonekana?"

"Inaonekana kwako. Mimi nikiiokota njiani nitadhani ni maelezo ya mtu anayetafutwa na polisi. Kidole hakina kucha, hutembea ameinama." Aliweka kikombe chini. "Na ulimwomba ruhusa?"

Loisi akalichukua daftari lake.

"Mimi nikifundisha moyo, nampasua chura," Devota akasema. "Lakini chura si mchumba wangu."

Loisi alikwenda kukaa peke yake kwenye ngazi za maktaba. Hasira ilimtoka, ikabaki aibu, na ndani ya aibu hiyo hofu. Alimpenda Noeli. Hakutaka kumkosa, na aliona jinsi atakavyomkosa: bila ugomvi, bila kelele, mtu akiwa amejifungia ndani kama alivyojifungia tangu bweni, na safari hii ufunguo ameuvunja Loisi mwenyewe. Sheria yake ilikuwa nzuri kwa nyanya na bizari. Kwa mtu aliyechekwa miaka minne, kumwonyesha kila kitu chake kisha kunyamaza kuhusu unavyomwona ni kumwacha uchi barabarani.

Ijumaa aliingia darasani na chupa ya asali na fungu la vijiti. Kabla ya chochote aliwaambia ukweli. Mtu aliyekuwa ubaoni Jumanne ndiye aliyerina asali hii. Yeye mwalimu alimwandika bila kumuuliza, na hilo ni kosa ambalo hata uandike vizuri namna gani halisafishiki. Tena mtu huyo alisimama dirishani akawasikia wakicheka.

Gideoni akanyoosha mkono.

"Madam, walikuwa wananicheka mimi. Nilishindwa ule mlio, mate yakaruka."

"Hilo usiniambie mimi," Loisi akasema. "Liandike."

Akapitisha asali. Vichwa arobaini na vitatu viliinama, macho yamefumbwa, koo zimesubirishwa. Neno tamu halikuruhusiwa, lakini safari hii aliongeza sheria ambayo hakuwahi kuitoa: mwisho wa kila kazi waseme waziwazi wamejisikiaje, kwa neno lolote, hata yale aliyoyafungia. Kisha yeye mwenyewe alichukua daftari jipya, akaenda kukaa dawati la nyuma karibu na Shamila, akaandika kipindi kizima bila kuinua kichwa.

Kesho yake alishuka sokoni na boksi la madaftari begani, gauni lile lile la njano na bluu. Mama Yudith alimwona kwa mbali, akajifanya anapepeta dagaa. Noeli alikuwa anafuta chupa. Hakuinua macho.

"Nimekuja na kazi," Loisi akasema, akaliweka boksi mezani. "Hawa ni watu arobaini na wanne walioonja asali yako wakaieleza. Mimi siwezi kuwasahihisha, sijui nani amesema kweli. Wewe unajua."

"Mimi si mwalimu."

"Wala mimi si mrina asali. Niliandika habari zako bila kukuuliza, Noeli. Nilikukosea. Hilo nimekuja kulisema kwa mdomo, na watu wa meza za jirani wamesikia. Mengine yamo humo."

Akamsalimu Mama Yudith, akaondoka. Hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilimuuma kwa kutamani.

Boksi lilikaa pale mpaka saa nane, saa ile jua la Dodoma linapowafukuza wateja wote. Mama Yudith alisema kwa sauti ya kuiambia hewa kwamba kazi za watoto wa watu zinapigwa na jua. Noeli akavuta daftari la juu. Alisoma moja, akatikisa kichwa. Akasoma la pili. Akamwomba Mama Yudith kalamu nyekundu aliyoitumia kuandika majina kwenye mifuko ya wateja, na kuanzia hapo hakusimama. Pembeni mwa mistari aliandika: "Si kweli, asali hii haina limau." Pengine: "Kweli kabisa, ni maua ya ule mti mweusi wa bondeni kwetu." Pengine: "Wewe umemeza haraka."

Daftari la Gideoni lilikuwa na nusu ukurasa wa asali na nusu ukurasa mwingine: "Mimi ndiye niliyegonga ulimi. Sikujua kama upo dirishani. Nilishindwa, wakanicheka. Tangu Jumanne nafanya mazoezi bwenini, bado nashindwa, bado wananicheka. Naomba unisamehe, na kama inawezekana unifundishe." Noeli aliisoma mara mbili. Akatazama mbele kwa muda, mteja akaja akaondoka bila kuhudumiwa.

La mwisho lilikuwa la arobaini na nne, na mwandiko aliujua.

"Shati lake limeshonwa kwapani kwa uzi usiofanana," Loisi alikuwa ameandika. "Nilipouona uzi huo niliona wivu, nikijiuliza ni mwanamke gani ameushona. Kumbe ni yeye mwenyewe, na wivu ukageuka huruma, na huruma ikageuka kitu ambacho nimekuwa nikiwakata watoto wa watu alama kwa kukitaja. Kidole gumba hakina kucha. Sijawahi kuuliza kwa nini, kwa sababu nataka anieleze akiwa tayari, hata iwe mwaka wa ishirini. Akiongea na mama yake watu hugeuka. Mimi hugeuka kabla yao. Sijawahi kusikia mtu akiwa nyumbani namna ile katikati ya mnada. Niliandika haya yote ubaoni nikaacha neno moja, nikidhani linaonekana. Halionekani mpaka lisemwe. Nampenda. Nampenda akiwa anaongea na nampenda akiwa amenyamaza. Asiponisamehe, hili litabaki kuwa kweli."

Noeli alilifunga daftari. Alivua kofia akajipangusa uso, na Mama Yudith, ambaye ana adabu zake, aligeuka upande wa pili.

Jumatatu Loisi hakusikia kitu. Jumanne vilevile. Alifundisha, alisahihisha, alikula, na kila simu ilipolia aliiangalia kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Devota alimwambia asubiri. Loisi alisema anasubiri, na kwamba hata asipokuja, alichokisema hakijutii. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo.

Jumatano, kipindi cha tatu, makamu mkuu alisimama mlangoni akasema kuna mgeni ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba amekuja kurudisha madaftari. Nyuma yake alikuwa Noeli, boksi begani, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Aliinama kuingia mlangoni. Darasa likanyanyuka.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Kaeni."

Hakumtazama Loisi. Aliweka boksi mezani akaanza kuita majina, na kila mmoja alipofika alimwambia jambo moja: wewe ulimi wako una akili, wewe umemwiga jirani, wewe hicho ulichokiita kutu ndicho wanachokisema warina asali wa kwetu tangu zamani. Wanafunzi walirudi madawatini wamekumbatia madaftari kama vyeti. Alipofika kwa Gideoni alimwambia asimame pale pale mbele.

"Haya, gonga."

Gideoni alitazama mwalimu wake, akatazama dari, akagonga. Ulitoka mlio wa mtu anayekoroma. Darasa likacheka, na safari hii Noeli alikuwa ndani, anaona kicheko kinaelekea wapi. Mabega yake yakashuka.

Alimwonyesha Gideoni pa kuweka ncha ya ulimi. Kisha, mbele ya watu arobaini na wanne, katika mji ambao alikuwa ameishi miaka kumi na saba na mdomo wake umefungwa nusu, alitaja kwa Kisandawe jina la ule mti mweusi wa bondeni ambako nyuki walikuwa wamechukua utamu ule. Wakati huo treni ya umeme ilikuwa inapita upande wa Ihumwa, ikapiga honi. Alisubiri ipite, akalitaja tena, kwa sauti zaidi. Vijana wakajaribu. Darasa likajaa milio ya kila namna, hakuna hata mmoja uliokuwa sahihi, na Noeli akacheka mpaka akakaa juu ya meza ya mwalimu.

Loisi alikuwa amesimama karibu na dirisha, chaki imemvunjikia mkononi. Noeli alitoa daftari la mwisho boksini akamnyooshea.

Alilifungua. Chini ya kazi yake, kwa wino mwekundu: "Uzi: kweli. Watu hugeuka: kweli, wageuke. Kidole: nitakusimulia njiani. 'Nampenda' umeandika mara tatu, na sheria yako inakataza hata moja. Rudia kazi hii kwa mdomo, mbele ya mama, Jumamosi ile. Kuku bado yupo."

"Hukuniwekea alama," Loisi akasema.

Noeli aliinuka mezani. Alimjibu kwa lugha yake, sentensi moja, taratibu, kila kidoko mahali pake.

"Maana yake nini?" Loisi akauliza.

"Utamuuliza mama. Ni neno ambalo baba alimwambia mara moja tu, siku alipomposa, na anasema analikumbuka hadi leo. Akishakutafsiria, utanijibu."

Loisi alilifunga daftari, akalibana kifuani.

"Sina haja ya kungoja tafsiri," akasema. "Nimekubali. Mbele ya mama nitarudia."

Makamu mkuu, ambaye alikuwa amesahau kuondoka mlangoni, alikohoa akakumbuka ana kazi ofisini. Wanafunzi walikuwa hawajui kama wanaruhusiwa kupiga makofi. Loisi aligeuka kujifuta macho, akaona Shamila kwenye dawati la nyuma ameinama, kalamu inakimbia.

"Shamila, umeomba ruhusa?"

Binti aliinuka, daftari mkononi, akamgeukia mgeni.

"Anko, naomba kuandika haya niliyoyaona."

Noeli alimtazama Loisi, kisha akamtazama binti.

"Andika," akasema. "Ila usiniambie ilikuwa tamu tu."